Mji Juu ya Mawe

Leo tutazungumza juu ya mji wetu wa Mwanza.

Mji huu uko kaskazini, mbali na pwani. Kutoka Dar es Salaam kwa barabara ni zaidi ya kilometa 1,100. Basi ulikuaje? Wajerumani walijenga boma hapa mwaka 1892, lakini boma peke yake halileti watu wengi. Kilichowaleta ni pamba na usafiri. Mwaka 1928 reli kutoka Tabora ilifika Mwanza. Tangu hapo gari la moshi na meli za ziwani vilikutana mahali pamoja, na pamba ya Usukuma ikapata njia ya kwenda pwani. Wakaja makuli, makarani, mafundi cherehani na mama wapika chakula. Katika miaka ya 1990 viwanda vya minofu ya sangara viliongeza kazi nyingine. Mwaka 2000 Mwanza ikawa jiji. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 706,453. Ile ya mwaka 2022 ilikuta wamezidi milioni moja.

Watu wote hao walitaka pa kulala. Ardhi tambarare ni chache, kwa hiyo wakapanda milimani, wakajenga kati ya mawe. Mtazame Mabatini. Jina lenyewe lasema: mahali penye mabati. Mtu wa Mabatini ana haki ya kujisifu, maana kujenga nyumba juu ya jabali si kazi ya mvivu.

Lakini jabali halichimbiki. Choo cha shimo huishia kina kifupi, nacho hujaa upesi. Mvua kubwa ikinyesha, uchafu huteremka kwa jirani wa chini, kisha huingia Mto Mirongo, na Mirongo humwaga maji yake ziwani. Na maji yetu ya kunywa yatoka wapi? Ziwani humo humo! Mamlaka ya maji huyasafisha kabla ya kuyaleta bombani, lakini anayechota mtoni au ufukweni hunywa kama yalivyo. Kipindupindu hupita njia hiyo.

Ndiyo maana katika baadhi ya vilima vya Mwanza, Mabatini ikiwamo, yamewekwa mabomba membamba ya maji machafu. Hayahitaji mtaro mrefu kwenda chini. Hupita uani, nyumba hata nyumba, na maji hushuka yenyewe kwa sababu ya mteremko mpaka kwenye bomba kubwa, na kutoka huko hadi mabwawa ya kusafishia. Kwa maoni yangu hii ndiyo kazi njema kuliko barabara nyingi za lami. Lakini ina sharti lake. Bomba la jirani yako ni bomba lako. Mwenye nyumba ya juu akitupa matambara, mchanga au mifupa chooni, bomba huziba, na uchafu hufumuka katika ua wa mtu wa chini ambaye hakutupa kitu.

Sasa chukueni daftari. Kila mmoja achore nyumba yake, ya jirani wa juu na ya jirani wa chini. Halafu aonyeshe kwa mshale maji machafu yaendako. Andikeni majina ya majirani hao. Wiki ijayo mtasomeana darasani.