Kupima Hatari ya Urushaji Kabla ya Kununua Hisa za Setilaiti



Mwekezaji akiletewa andiko la kampuni ya setilaiti, huuliza kwanza: roketi ikilipuka je? Ni swali la haki. Hoja yangu ni kwamba mlipuko ndio sehemu ya hatari iliyo rahisi kuikatia bima. Kinachomaliza mtaji mara nyingi ni kuchelewa, na hilo halina wa kulilipia.

Hapa Rwanda tuliwahi kulionja. Septemba 2019, setilaiti yetu ndogo RwaSat-1 ilikuwa ndani ya chombo cha mizigo HTV-8 huko Tanegashima, Japani. Tarehe 11, saa chache kabla ya kuruka, moto ukazuka kwenye jukwaa la roketi. Safari ikasogezwa wiki mbili, hadi mwishoni mwa Septemba; Novemba 20 RwaSat-1 ikaachiwa angani salama. Mradi wa serikali huvumilia wiki mbili. Kampuni iliyokopa, yenye wahandisi wa kulipwa kila mwezi na wateja ambao bado hawajaanza kulipa, hula akiba yake kila siku inayopita.

Kuhusu bima, nawaomba tutazame kwa makini kisa cha Amos-6. Septemba 1, 2016, roketi ya Falcon 9 ililipuka Cape Canaveral ikijazwa mafuta kwa ajili ya jaribio la injini, siku mbili kabla ya safari. Juu yake ilikuwapo Amos-6, setilaiti ya kampuni ya Spacecom ya Israel, ambayo Facebook na Eutelsat walikuwa wameikodi kuleta intaneti katika nchi zetu za Afrika. Bima ya urushaji kwa kawaida huanza pale injini zinapowashwa ili roketi iondoke. Hapo hatua hiyo ilikuwa bado, hivyo madai yakaenda kwenye bima nyingine kabisa, ile ya mizigo. Chombo kilikuwa na bima. Lakini Spacecom ilikuwa imekubaliana kuuzwa kwa kampuni ya Beijing kwa dola milioni 285, kwa sharti kwamba Amos-6 ifike obiti na ifanye kazi. Bei ya hisa ikaporomoka, na hakuna bima iliyomfidia mwenye hisa.

Angola nayo ilipoteza Angosat-1, iliyorushwa vizuri Desemba 2017. Mbadala wake ulifika obiti Oktoba 2022, baada ya karibu miaka mitano ya kusubiri.

Kisha kuna OneWeb, kampuni ya mtandao wa setilaiti za intaneti. Februari 2019 ilirusha setilaiti sita za kwanza kutoka Kourou, mojawapo ikiitwa Icyerekezo, kwa matumaini ya kuunganisha na intaneti shule ya kisiwa cha Nkombo hapa Rwanda. Roketi haikukosea. Machi 2020, ikiwa na setilaiti 74 angani, kampuni iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai kwa sababu fedha zilikauka kabla mtandao haujakamilika. Serikali ya Uingereza na kampuni ya Bharti ya India wakaiokoa. Machi 2022, baada ya vita vya Ukraine kuanza, Urusi, iliyokuwa ikiirushia setilaiti zake, ikatoa masharti yasiyokubalika, na setilaiti 36 zikabaki katika kituo cha urushaji cha Baikonur. Hasara iliyoandikwa vitabuni ni dola milioni 229. Ilibidi kampuni igeukie SpaceX na India kukamilisha kazi.

Kwa hiyo, kabla ya kusoma makadirio ya mapato, ningeomba mkataba wa urushaji na hati ya bima. Je, setilaiti inaweza kuhamishiwa roketi nyingine bila kuundwa upya? Mzigo wa safari moja ni sehemu gani ya mtandao mzima? Bima ya mizigo inakoma wapi na ya urushaji inaanzia wapi? Kisha ningehesabu: ratiba ikisogea miezi kumi na minane, kampuni italipa mishahara na riba kwa fedha gani?

Kwa mifuko ya pensheni iliyo hapa leo, napendekeza tuingie kwa awamu: sehemu kubwa ya fedha itolewe baada ya setilaiti kufika obiti na kuanza kuhudumia wateja, hata kama bei ya hisa itakuwa imepanda.