Mwalimu wa Mazoezi Hukimbia Nyuma

(Mazungumzo ya Afisa Habari wa Halmashauri kwa wakazi wa kata, Mlandizi, baada ya mazoezi ya Jumamosi ya pili ya mwezi.)



Mmezoea kuniona nimeshika kamera, nikipokea maneno ya wengine. Leo nimeombwa nieleze imekuwaje mtu wa mezani akawa ndiye anayepuliza filimbi uwanjani. Nitaeleza, pamoja na sehemu isiyonipa sifa.

Nimekulia Maneromango, Kisarawe. Utotoni hatukuwa na haja ya neno mazoezi. Tulikuwa na kisima, shamba la mihogo, na mchakamchaka wa shule kabla ya kengele. Baadaye nikapata stashahada ya mawasiliano ya umma, stashahada ikanipa kazi, na kazi ikanipa kiti. Nilikikalia miaka sita. Bodaboda mlangoni hadi ofisini, chipsi mayai na soda mchana, bodaboda tena jioni. Watu wakanisifu kwamba nimependeza, kazi imenikubali. Nami nikasadiki.

Siku moja nilikwenda zahanati kuandika habari za upimaji wa presha. Muuguzi akaniomba nikae nipigwe picha nikipimwa, ili wananchi wasiogope. Kipimo kikasoma 158 kwa 102. Akanipumzisha, akarudia, kikasoma karibu vilevile. Picha ile haikuchapishwa. Nyumbani tulikuwa na baba mdogo aliyepigwa na kiharusi, tukimlisha kwa kijiko. Sikuhitaji kuelezwa maana ya tarakimu zile.

Lakini sikuanza kwa busara. Sisi wa Kibaha tunaifahamu shule ya Filbert Bayi pale Mkuza. Mwenye jina hilo, tarehe 2 Februari 1974, huko Christchurch, New Zealand, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, alichomoka mbele tangu mwanzo wa mbio za mita 1500. Hakumngoja mtu. John Walker wa New Zealand alimfukuza hadi utepeni asimpate, na Bayi akaweka rekodi ya dunia ya dakika 3 na sekunde 32.16. Nami nikavaa raba alfajiri, nikachomoka vivyo hivyo kando ya Barabara ya Morogoro. Kwenye nguzo ya tatu ya umeme nilikuwa nimeinama, mikono magotini, na utingo wa lori akinipigia kelele: “Dada, nani anakufukuza?”

Mganga wa zahanati alinicheka kidogo, kisha akanipa dawa na maelekezo: tembea. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki. Nusu saa kwa siku tano, basi. Nilitembea miezi mitatu kabla ya kukimbia tena. Jirani akaungana nami, akamleta shemeji yake, tukafika wanawake 11, wengine na madera yao. Malori yalipotutisha, mwalimu mkuu mmoja akaturuhusu kutumia uwanja wa shule. Mwalimu wa michezo akanifundisha kupasha mwili na kuupoza, na kwa kuwa nilikuwa wa kwanza kufika, wakaanza kuniita mwalimu.

Jina hilo lililevya kuliko pombe. Mnakumbuka kwamba Desemba 2016 Mama Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, aliagiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi. Basi Jumamosi moja ya namna hiyo walikuja watu wengi, na mimi nikiwa mbele, nikiongoza mchakamchaka kwa sauti yote. Nyuma kulikuwa na mzee mmoja mgeni ambaye hakutaka kuachwa na vijana. Mzunguko wa nne akakaa chini, kisha akalala. Sikumwona. Nilikuwa mbele, nikiimba.

Alifikishwa hospitali, akapona, Mungu ahimidiwe. Ilibainika kuwa ana presha ya miaka mingi, na dawa alikuwa ameziacha mwezi mzima. Nilipokwenda kuomba radhi, mkewe hakunikaripia. Aliniuliza tu: “Mwanangu, hukumuuliza?”

Sikuwa nimemuuliza.

Tangu siku ile tuna daftari langoni. Kila anayeingia huulizwa lini alipima presha mara ya mwisho, kama anatumia dawa na kama amezinywa, na kama amewahi kuumwa kifua au kupata kizunguzungu akijitahidi. Mwenye shaka hutembea tu, kisha huenda kupimwa kabla ya kurudi. Nami hukimbia nyuma ya wa mwisho. Hata Bayi, zamani nilimwaza kwa ule mchomoko wa Christchurch; siku hizi namwaza zaidi kwa Mkuza, alikojenga mahali pa kulelea watoto wa wengine.

Wapo wanaoniuliza: sisi tunalima, mazoezi ya nini? Wana hoja. Mama wa Mzenga aliyeshika jembe tangu alfajiri hana deni nami. Jasho la shambani nalo huhesabiwa. Mwezi uliopita tulikwenda kupanda vilima vya Kisarawe, na wanawake waliojitwika kuni walitupita huku wakitupa pole. Ninaowatafuta ni wenzangu wa viti: makarani, wenye maduka, na hao vijana wa bodaboda wanaodhani pikipiki ndiyo inayochoka. Ila presha haichagui, na wakulima nao wapimwe.

Mzee yule yupo hapa, na ameniruhusu nimtaje hivi bila jina. Ndiye aliyewaandika mlipoingia. Kama alikuuliza habari za dawa zako ukamwona mdadisi, sasa umejua sababu yake. Daftari litabaki kwake hadi saa mbili. Wale waliolikwepa swali la pili, na nimewaona, wapitie kwake kabla ya kuondoka.