Mshahara Ukibadilika, Usifute Kurasa za Nyuma

(Mazungumzo na waweka hazina na makatibu wa vikundi katika ukumbi wa parokia)



Nimeombwa nizungumze nanyi juu ya kitabu cha mishahara. Najua kuna wale wanaonong'ona huko nyuma, "Sisi ni kikundi tu, si kampuni, mambo ya mishahara yanatuhusu nini?" Basi nawauliza: yule kijana anayewasha pampu ya maji analipwa na nani? Mwalimu wa chekechea je? Mlinzi wa kinu cha kusaga? Mkimlipa mtu kila mwezi kwa kazi mliyompa, ninyi ni waajiri, na Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inawatazama vile vile inavyotazama kampuni ya Nairobi.

Sitagusa kila kitu. Nataka jambo moja tu: habari za mfanyakazi zikibadilika, hesabu ya mwezi huu inakuwaje, na ya miezi iliyopita inakuwaje? Hapo ndipo nimeona watu wazuri wakikosana.

Kulikuwa na kikundi cha maji nilichokuwa nikikitembelea. Mkutano wa Januari ulikubali mwendesha pampu aongezwe mshahara kutoka shilingi 12,000 hadi 13,500, kuanzia mwezi huo huo. Mweka hazina alikuwa ameenda kumuuguza mama yake, kwa hiyo jambo halikuandikwa mpaka Aprili. Aliporudi akachukua ule wino mweupe wa kufutia, akafuta 12,000 ya Januari, Februari na Machi, akaandika 13,500 kila mahali. Alidhani anarekebisha. Sasa kitabu kikasema kijana amepokea 13,500 kwa miezi mitatu, na risiti alizotia sahihi zikasema 12,000. Zile 4,500 ziko wapi? Siku ya ukaguzi mama huyo aliitwa mwizi mbele ya watu. Hakuwa mwizi, jamani. Pesa zilikuwa benki, hata senti moja haikupotea. Lakini hakurudi tena kwenye kikundi, na mpaka leo akiniona njiani hanizungumzii habari za kikundi hicho.

Angefanyaje? Kila badiliko lina tarehe mbili: siku linapoandikwa na siku linapoanza kufanya kazi. Aandike zote mbili, na tarehe ya mkutano uliokubali. Kurasa za Januari hadi Machi aziache kama zilivyo, kwa sababu zinaeleza kilicholipwa kweli. Halafu ukurasa wa Aprili uwe na mistari miwili. Wa kwanza: mshahara, 13,500. Wa pili: malimbikizo ya Januari hadi Machi, 1,500 mara tatu, 4,500. Jumla 18,000. Mkaguzi akija, anafuata kwa kidole tu.

Hapo wengi husahau makato. Malimbikizo ni mshahara, si zawadi. Kwa hizo 4,500 mfanyakazi anakatwa 6 kwa mia ya NSSF, yaani 270; 2.75 kwa mia ya SHA, yaani 123.75, na 1.5 kwa mia ya ada ya nyumba, yaani 67.50. Kikundi nacho kinaongeza kutoka mfuko wake NSSF 270 na ada ya nyumba 67.50. Kwa hiyo mkutano ukitaka kupitisha nyongeza ya kurudi nyuma, kwanza mweka hazina aulizwe kama fedha ziko. Makofi ni rahisi, kulipa ni jambo lingine.

Tena, kila mwezi uhesabiwe kwa sheria ya mwezi huo. SHA ilianza Oktoba 2024 mahali pa NHIF. Niliona katibu mmoja akitaka kuhesabu upya mwaka wote kwa 2.75. Hapana! Mwezi wa Septemba 2024 na kurudi nyuma ni NHIF, uachwe hivyo.

Je, mkimlipa mtu zaidi kwa makosa? Sheria inaruhusu kukata kilichozidi, lakini makato yote pamoja yasipite theluthi mbili ya mshahara. Mimi naona hata theluthi mbili ni kumnyonga mtu mwenye watoto shuleni. Kaeni naye, mgawanye kidogo kidogo kwa miezi kadhaa, atie sahihi.

Sasa kuna mabadiliko yasiyo ya pesa, na haya ndiyo yananitia hofu zaidi. Msichana akiolewa akabadilisha jina, jina jipya linaanza siku hiyo. Kurasa za zamani zinabaki na jina la kwao. Lakini namba ya NSSF ikiwa ilinakiliwa vibaya, hilo si badiliko. Ni kosa lililokuwepo tangu siku ya kwanza, na kurekebisha mwezi huu tu hakutoshi. Mwalimu mmoja wa chekechea alifika miaka 60, akaenda kuuliza akiba yake, akakuta miezi 14 mitupu. Tarakimu moja! Alikuwa amekatwa kila mwezi, na fedha zilipelekwa. Kilichomsaidia ni kile kitabu cha zamani, kimeliwa na mchwa pembeni lakini hakikufutwa, pamoja na risiti za malipo. Tulikaa naye siku mbili tukiorodhesha mwezi kwa mwezi ndipo tukapeleka madai. Kama mtu angekuwa "ameisafisha" hesabu hiyo, tungepeleka nini?

Wenye kompyuta msicheke. Ukibadilisha mshahara kwenye ukurasa wa mfanyakazi, programu nyingine inahesabu upya hata miezi uliyokwisha kulipa, bila kukuuliza. Huo ni wino mweupe usioonekana. Kila mwisho wa mwezi chapisheni karatasi, mtie sahihi, mfungie kwenye faili.

Mabadiliko ya mkataba pia mfanyakazi ashauriwe na apewe kwa maandishi. Hiyo ni sheria, si hisani. Na mtu akiacha kazi, karatasi za mkataba wake zitunzwe miaka mitano. Msifungie maandazi.

Nimeambiwa chai iko tayari. Kabla hatujatoka, kila mweka hazina afungue kitabu alichokuja nacho, alinganishe namba ya kitambulisho na ya NSSF ya kila mfanyakazi na nakala za kadi. Asiye na nakala aandike jina la mfanyakazi huyo kwenye karatasi, anipe mimi hapa mlangoni.