Mgeni Asiye na Mdhamini
Hotuba kwa viongozi wa jumuiya ndogo ndogo za Kikristo



Tulipokutana mara ya mwisho tulihesabu magunia ya unga tuliyowagawia wakimbizi waishio parokiani mwetu. Leo tunaleta jambo zito kuliko unga, nalo ni kazi.

Katika mitaa ya Nairobi kama Kayole na Eastleigh, kazi haipatikani kwa cheti peke yake. Mwenye duka huuliza kwanza, "Nani anakufahamu?" Mwenyeji ana mjomba, ana jirani, ana mwalimu wake wa zamani. Fundi cherehani aliyetoka Bukavu hana hata mmoja, na akifungua kinywa, Kiswahili chake cha Kongo humtambulisha kabla hajaonyesha mshono wake. Ujuzi anao; mdhamini hana.

Sheria haimzuii. Kenya iliukubali Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 hapo mwaka 1966, na Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021 inampa mkimbizi aliyetambuliwa haki ya kuajiriwa au kujiajiri. Hata hivyo, waajiri tuliowaendea, wengi wao hawakuwa na habari kwamba kipo kibali cha kazi cha daraja la M, kilichowekwa kwa ajili ya wakimbizi.

Mama mmoja alishona sare za shule kwa miezi mitatu, akalipwa mmoja tu. Aliogopa kushtaki, asije akarudishwa kambini. Wanajumuiya watatu waliandamana naye hadi dukani, bila matusi, wakiwa na daftari la siku alizofanya kazi. Alilipwa siku hiyo hiyo, ingawa si zote. Na tukiri: sisi wenyewe tuliomtafutia kazi ile hatukuuliza habari za ujira. Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, humtaja kibarua mgeni sawa na mzawa, na kuamuru alipwe kabla ya jua kutua.

Wengine mnanong'ona kwamba vijana wetu nao hawana kazi. Ni kweli, wala si choyo kulisema. Ndiyo maana daftari la kazi litakuwa moja kwa wote. Hatutaki foleni ya wageni na foleni ya wenyeji.

Basi tunaomba kila jumuiya ilete majina mawili: la mtu anayefahamiana na mafundi na wenye maduka, na la mtu atakayeandamana na mtafuta kazi, kisha amtembelee kila mwisho wa mwezi kuuliza kama amelipwa. Majina yataandikwa Jumapili, baada ya Misa ya pili.