Mtulizeni, Kisha Mumsikilize
(Hotuba ya mgeni rasmi kwenye mahafali ya washauri nasaha)

Nitasema kwa kifupi, maana jua ni kali na pilau inanukia.

Mtoto aliyeumizwa akiwa mchanga mnamjua. Mlango ukijibamiza, wenzake wanacheka, yeye yuko chini ya dawati. Mwalimu akiinua mkono kufuta ubao, yeye anakinga uso. Ukimuuliza kulikoni, hana jibu, wala si kiburi. Aliyepigwa au kutelekezwa kabla hajajua kusema, hofu humkaa mwilini bila maneno. Ikipanda, sehemu ya mbele ya ubongo, ile ya kutafakari, huzidiwa. Hapo hata mshauri bingwa atauliza mpaka koo likauke.

Ndipo inapoingia nyurofidibaki. Mtoto hubandikwa vihisio kichwani kwa jeli. Haviingizi umeme, vinasoma tu mawimbi ya ubongo. Mbele yake kuna mchezo wa kompyuta: mawimbi yakikaa pale mtaalamu anapotaka, gari linakwenda, yakivurugika, linasimama. Kikao baada ya kikao, ubongo hujizoeza kutulia.

Huko Marekani, mtafiti Bessel van der Kolk na wenzake walichapisha mwaka 2016 utafiti wa watu wazima 52 wenye kiwewe sugu, ambao tiba ya mazungumzo ya miezi 6 au zaidi haikuwaponya. Waliopata mazoezi ya nyurofidibaki, vikao 24, walipata nafuu kubwa kuliko waliowekwa kwenye foleni ya kusubiri. Mwaka 2020 ukafuata utafiti wa watoto 37 wa miaka 6 hadi 13, nao ukaleta matumaini. Idadi bado ni ndogo, kwa hiyo tusipige vigelegele mapema.

Wahitimu, nina maagizo mawili. Kwanza, akija mtu kuuza mashine peke yake, muulizeni: mtoto akishatulia na kuanza kusimulia yaliyompata, nani atakuwa naye? Kumwacha hapo ni kumuumiza upya. Pili, msikae mkisubiri mashine. Saa ile ile kila wiki, chumba kile kile, mshauri yule yule asiyefoka: hayo nayo humtuliza mtoto, na mnaweza kuyaanza Jumatatu.

Baada ya kusema hayo, niko tayari kukabidhi vyeti. Hongereni.