KITAMBULISHO MFUKONI, HAKI KICHWANI

(Maneno ya mwalimu mkimbizi aliyeombwa na Kamati kuzungumza huko Lubaga, Kampala, katika maadhimisho ya Siku ya Wakimbizi Duniani, 20 Juni)



Nimeombwa niseme juu ya jambo moja: polisi akikusimamisha njiani na kukuuliza kitambulisho, ufanye nini? Ninyi mliotoka kambini msidhani kwamba hilo ni la sisi wa mjini tu. Watu wanatoka Nakivale, Kyaka na Rwamwanja kuja huku kwa matibabu katika hospitali za Lubaga na Mengo, kwa biashara, au kumtafuta ndugu. Wanapita Busega na Nateete bila kujua njia wala Kiganda, na swali hilo linaweza kuwakuta huko huko.

Tuseme ukweli. Wengi wetu tukiulizwa kitambulisho, miguu inataka kukimbia kabla akili haijafikiri. Hofu hiyo ina sababu. Kenya ya ukoloni ilitunga sheria ya kipande mwaka 1915, na kuanzia 1920 wanaume Waafrika wa miaka 16 na zaidi walilazimishwa kutembea nacho, kimening'inizwa shingoni ndani ya kikopo cha chuma. Rwanda, vitambulisho vilivyoandikwa kabila tangu enzi za Wabelgiji ndivyo vilivyotumika mwaka 1994 kwenye vizuizi vya barabarani kuamua nani apite na nani auawe. Na hapa Uganda wenyeji hawajasahau "panda gari" ya miaka ya mwanzo ya 1980, askari waliposomba watu mitaani na kuwapakia kwenye malori. Amri ile ilitolewa kwa Kiswahili, lugha yetu hii hii.

Lakini, ndugu zangu, hofu ile ile inaweza kutuponza. Anayekimbia hufukuzwa, na akikamatwa hupata kazi kubwa ya kueleza kwa nini alikimbia ikiwa hana kosa. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inasema mkimbizi apewe kitambulisho kwa ajili ya kumtambulisha na kumlinda. Lishikeni hilo neno la pili: kumlinda. Kadi hiyo ni yako, na ni kwa faida yako.

Kwanza, ijue karatasi yako. Aliyekubaliwa ana kadi ya mkimbizi. Anayesubiri uamuzi ana hati ya mwombaji hifadhi, ambayo ni ya muda mfupi na lazima ihuishwe. Familia ina barua yenye majina ya wote. Hizo zinatoka Ofisi ya Waziri Mkuu. Ndagamuntu ni ya raia. Ukiulizwa ndagamuntu, usijibu "sina" ukanyamaza. Sema: "Afande, mimi ni mkimbizi, kadi yangu ni hii." Anayetoka kambini aende kwanza kwa kamanda wa kambi, apate barua ya ruhusa ya safari. Jina na tarehe ya kuzaliwa viwe sawa katika karatasi zote. Wengi wetu tumeandikwa tarehe 1 Januari; basi ikariri tarehe iliyo kwenye kadi yako. Usiazime kadi ya mwenzako, wala usinunue ya mtaani. Hilo ni kosa la jinai, na linawachafulia jina hata wasiohusika.

Pili, simama. Mikono ionekane, sauti iwe ya chini. Salimu, toa karatasi, sema jina lako na mahali unapokaa. Usitukane, usisukumane, wala usitoe hela ya chai. Ukitoa leo, kesho atasimamishwa jirani yako kwa ajili ya hiyo hela. Angalia jina au namba ya askari kwenye sare, na ukumbuke saa na mahali. Akina mama na mabinti, sheria inasema mwanamke apekuliwe na mwanamke mwenzake, kwa heshima.

Tatu, uliza. Katiba ya Uganda ya 1995, ibara ya 23, inasema anayekamatwa aambiwe mara moja sababu ya kukamatwa, kwa lugha anayoielewa, na aambiwe kwamba ana haki ya kuwa na wakili. Kiswahili kiliingizwa katika Katiba mwaka 2005 kuwa lugha rasmi ya pili. Kwa hiyo usione haya kuuliza: "Afande, nakamatwa kwa kosa gani? Naomba nielezwe kwa Kiswahili." Zamani wengi walibebwa kwa kosa la kuzurura tu. Mwezi Desemba 2022, Mahakama ya Katiba ilifuta vifungu viwili vya kosa hilo katika Sheria ya Adhabu. Kuonekana barabarani huna kazi si kosa la kukupeleka rumande.

Nne, ukifikishwa kituoni, omba ndugu yako au mtu unayemwamini ajulishwe. Ni haki yako. Usitie sahihi karatasi ambayo hukuielewa. Usipoachiwa, lazima ufikishwe mahakamani mapema, na isizidi saa 48 tangu ulipokamatwa. Dhamana ya polisi, ile wanayoiita bondi, ni bure. Anayedai pesa ili akupe anavunja sheria. Kinachotakiwa ni mdhamini. Kwa hiyo mjue mwenyekiti wa LC wa mtaa wako kabla ya shida, naye akujue.

Tano, ukidhulumiwa, sema. Polisi wenyewe wana kitengo cha kupokea malalamiko juu ya askari. Ipo Tume ya Haki za Binadamu ya Uganda, iliyoundwa na Katiba hiyo hiyo ya 1995. Wapo wanasheria wa Refugee Law Project, mradi ulioanzishwa Chuo Kikuu cha Makerere mwaka 1999. Nenda na tarehe, saa, mahali na jina au namba ya askari. Lalamiko lisilo na hivyo huwa gumu kufuatilia.

Sasa neno kwenu, wafanyakazi wa mashirika. Fikirini mama anayemleta mtoto hospitali, na hati yake imekwisha muda wiki mbili zilizopita. Alifika mara tatu kuihuisha, akaambiwa arudi. Akisimamishwa Nateete akapelekwa kituoni, siku ya daktari inampita, na mtoto ndiye anayeumia. Karatasi haimfanyi mtu kuwa mkimbizi. Inaonyesha tu kwamba yeye ni mkimbizi. Tunaomba mambo mawili: hati zihuishwe kabla hazijaisha, na askari wa vituo vya mjini waonyeshwe karatasi zetu zote ili wazitambue wanapoziona.

Nasi tuna wajibu. Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951, ambao Uganda ilijiunga nao mwaka 1976, unasema mkimbizi atii sheria za nchi iliyompokea. Askari naye ana kazi yake, na wapo wanaoifanya kwa uungwana. Anayejua sheria huweza kuongea na askari bila kiburi na bila kutetemeka.

Mimi ni mwalimu, siwezi kuwaacha bila kazi ya nyumbani. Leo jioni kila mmoja aitoe kadi yake, asome tarehe ya mwisho, na kama imekaribia, kesho aende ofisini. Atoe nakala na kuiacha kwa mtu wa kuaminika. Halafu awafundishe watoto wake wakubwa maneno haya mawili: "Mimi ni mkimbizi, kadi yangu ni hii," na "Nakamatwa kwa kosa gani?" Wayaseme mpaka yatoke bila kigugumizi.