Je, Taa za Kuvaa Zitachukua Mahali pa Dhahabu na Ushanga?

 Natumaini kila mmoja wenu amekaa mahali anaposikia vizuri, na mwenye karatasi ya somo hili ameifungua mbele yake. Kabla sijaendelea, namwomba mwalimu wa darasa aandike ubaoni maneno manne: USHANGA, DHAHABU, TAA, BETRI. Yasomeni pamoja, polepole, mara mbili. Tutakutana nayo tena na tena katika somo la leo.

Ukipita sokoni jioni, hasa karibu na sikukuu, utaona vitu vya kuvaa ambavyo bibi zetu hawakuvijua. Kuna bangili za plastiki zinazowaka nyekundu na buluu. Kuna heleni zinazometameta zenyewe gizani, na taji za watoto zenye taa, na hata viatu vinavyotoa nuru kila mtoto anapokanyaga chini. Wako watu wasemao kwamba mapambo ya zamani yamepitwa na wakati, na kwamba binti wa kesho hatataka mkufu wa dhahabu wala ushanga shingoni, atataka kuvaa nuru. Je, ni kweli? Swali hili lafaa kufikiriwa, maana lagusa fedha ya nyumba.

Kwanza tujue taa hizi ni kitu gani. Huitwa taa za LED. Herufi hizo tatu husomwa el-i-di. Ndani yake hamna waya unaopata moto kama ilivyokuwa katika globu za zamani. Mna kipande kidogo sana cha madini maalumu, pengine kidogo kuliko punje ya mtama, na umeme ukipita ndani yake hutoa nuru. Mmarekani Nick Holonyak alitengeneza LED ya nuru nyekundu mwaka 1962. Rangi ya buluu iliwashinda wataalamu kwa muda mrefu. Ilipatikana vizuri katika miaka ya 1990 kwa kazi ya wataalamu watatu waliozaliwa Japani, yaani Akasaki, Amano na Nakamura, nao wakapewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014. Taa nyeupe za LED tunazotumia leo hutengenezwa kwa msaada wa ile ya buluu. Kwa hiyo ukiwasha tochi ya simu usiku ukitafuta viatu vyako, watu hao watatu wamekusaidia.

Lakini kuvaa taa si jambo la jana. Katika miaka ya 1880, fundi mmoja wa Paris aitwaye Gustave Trouvé aliwatengenezea waigizaji mapambo yenye taa ndogo, na betri yake ikafichwa ndani ya nguo. Mwaka 1883, huko New York, Bibi Alice Vanderbilt, mke wa tajiri mkubwa, alikwenda kwenye karamu amevaa gauni lililoitwa Nuru ya Umeme, mkononi ameshika taa iliyowashwa kwa betri. Watu walishangaa sana. Tangu usiku ule imepita zaidi ya miaka 140, na masonara bado wana kazi.

Kwa nini? Nitawaeleza habari ya saa moja, nanyi mtaona wenyewe.

Mwaka 1972 Marekani ilianza kuuzwa saa ya mkono iliyoitwa Pulsar. Haikuwa na mishale. Ulibonyeza kifungo, na tarakimu nyekundu za LED zikawaka: saa na dakika. Ilibidi kubonyeza kwa sababu taa zile zilikula betri upesi. Zisingeweza kuwaka mchana kutwa. Gamba la saa ile lilikuwa la dhahabu ya karati 18, na bei yake dola 2,100, fedha nyingi mno wakati huo. Mwenye nayo alikuwa amevaa taa na dhahabu pamoja katika mkono mmoja.

Sasa angalieni mambo mawili hayo yalivyoachana njia. Kabla ya mwaka 1980, saa za plastiki zenye taa za namna ile ile ziliuzwa kwa dola 20 na chini yake, kisha zikatoka namna nyingine za saa zisizokula betri, na zile za taa zikaachwa. Na dhahabu je? Mwaka 1972 wakia moja ya dhahabu, yaani kama gramu 31, ilikuwa chini ya dola 80. Mwaka 2024 ilipita dola 2,000. Msidhani kwamba ilipanda siku zote bila kushuka. Mwezi wa Januari 1980 ilifika dola 850, na mwaka 1999 ilikuwa chini ya 300. Aliyenunua mwaka 1980 akauza mwaka 1999 alipata hasara kubwa. Hata hivyo gamba la saa ile, hata mashine yake ikifa kabisa, laweza kupimwa kwenye mizani ya sonara leo hii.

Dhahabu haishiki kutu. Waweza kuifunga katika kitambaa, ukaiweka chini ya sanduku miaka 30, ukaikuta vile vile. Ndiyo sababu katika pwani yetu mwanamke hatazami bangili yake kama urembo tu. Kwa sheria ya Kiislamu mahari ni mali ya bibi harusi mwenyewe, na dhahabu anayopewa kama mahari ni akiba yake. Mvua ikikosa, au ada ya shule ikifika na mfuko ni mtupu, bangili moja huenda kwa sonara, kuuzwa au kuwekwa rehani. Lakini sonara hakulipi kwa uzuri wa nakshi. Atapima uzito na kutazama karati. Dhahabu safi ni karati 24. Ukiambiwa karati 18, maana yake sehemu 18 katika 24 ni dhahabu, na sehemu 6 ni madini mengine, kama shaba au fedha. Kwa hiyo mkinunua, someni namba iliyogongwa ndani ya pete au penye kifungo cha mkufu, na mtake risiti iliyoandikwa uzito na karati. Mtu anayejua kusoma asikubali kuambiwa kwa mdomo tu.

Bangili ya taa haina uzito wa kupimwa. Siku inapozimika ni plastiki.

Pengine mmoja wenu atasema, “Ofisa huyu hapendi mambo mapya.” Sivyo. Tazameni ushanga wa Wamasai. Watu wengi huudhani kuwa ni kitu cha asili tangu mwanzo wa dunia. Lakini shanga zile ndogo za kioo zilitengenezwa Ulaya, katika mji wa Venice na katika nchi ya Bohemia, ambayo leo ni sehemu ya Cheki. Zililetwa kwa meli hadi pwani, kisha misafara ikazipeleka bara. Kabla ya hapo watu walijipamba kwa mbegu, mifupa, udongo na chuma. Kwa hiyo ushanga nao ulikuwa kitu kigeni cha kiwandani! Ila wanawake wa Kimasai waliuchukua, wakaupanga kwa rangi na mitindo yao, wakaufanya useme. Ajuaye kuusoma, akimwona aliyeuvaa, hutambua mengi juu yake bila kuuliza: umri wake, kwao, kama ameolewa. Na uzi ukikatika, mama huokota shanga, hutia uzi mwingine, hushona upya. Hamhitaji fundi wa mbali.

Hapo ndipo ninapoiona kasoro kubwa ya taa za kuvaa, kubwa kuliko bei. Aliyezivaa hawezi kuzitengeneza, na mara nyingi hana uwezo wa kuzipanga apendavyo. Katika matamasha makubwa ya muziki ya Ulaya na Marekani, kama yale ya kundi la Coldplay tangu mwaka 2012, maelfu ya watu huvalishwa bangili za taa. Uwanja mzima hugeuka buluu, kisha nyekundu, kwa amri inayotumwa kwa redio na mtu mmoja mwenye mashine. Ni jambo zuri la kutazama, nami sikatai. Lakini aliyevaa hakuchagua rangi. Kama siku moja akina mama wataweza kushona taa wenyewe, kubadili rangi kwa maana yao na kuzirekebisha zikiharibika, huenda mambo yakawa kama yalivyokuwa kwa ushanga.

Kuna mahali pamoja ambapo nawashauri mvae nuru bila kusita, napo ni barabarani usiku. Mwendesha baiskeli, au mtoto anayerudi kutoka kisimani baada ya jua kutua, akiwa na taa ndogo mkononi au mkanda unaoakisi nuru ya gari, dereva humwona mapema. Mkanda wa kuakisi hauhitaji betri. Mkufu wa dhahabu hausaidii chochote hapo.

Sasa nisikilizeni kwa makini, hasa ninyi wazazi. Fungueni bangili moja ya taa mtazame betri yake. Ni bapa na ya duara kama sarafu. Pengine imeandikwa CR2032. Namba 20 ni upana wake, milimita 20. Na 32 ni unene wake, milimita 3.2. Mtoto akiimeza ikakwama kooni, umeme wake pamoja na mate hufanya dawa kali inayounguza nyama. Katika saa 2 tu inaweza kumdhuru vibaya sana, hata kumwua baadaye. Betri iliyochoka, isiyowasha taa tena, ina hatari vile vile. Mtoto asipolia msiseme yu salama. Mkishuku tu kwamba amemeza, mpelekeni hospitali mara moja, msimtapishe, nanyi mseme wazi, “Amemeza betri.” Msimnunulie mtoto mdogo pambo ambalo kifuniko cha betri chafunguka kwa ukucha, kifungwe kwa skrubu. Betri za zamani msizitupe uani.

Kazi ya darasa. Andikeni katika madaftari.

Hesabu ya kwanza: mama mmoja ana bangili ya dhahabu ya karati 22, uzito wake gramu 12. Dhahabu safi iliyomo ni gramu ngapi?

Hesabu ya pili: tuseme kijana amenunua bangili ya taa kwa shilingi 5,000, na kila majuma 2 hununua betri ya shilingi 1,000. Mwaka una majuma 52. Ukiisha mwaka, ametoa shilingi ngapi kwa jumla, na akiipeleka kwa sonara atapewa ngapi?

Majibu tutayasoma katika kipindi kijacho. Kwaherini.